Shakwe Anayekutatiza: Uanze na Manyoya, Umbo au Picha?

Ni asubuhi ya Januari kwenye mlango wa Mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Kaskazi bado haijashika kasi. Maji yamekupwa, fungu la mchanga limetoka nje, na juu yake wamesimama shakwe wapatao sitini, wote wameuelekea upepo. Katikati yao yuko mmoja mwenye mgongo wa kahawia, mdomo wa rangi mbili na kifua kisichoeleweka. Mwenzako wa kulia ameshamtaja jina. Wa kushoto ametaja jingine. Nawe umeshika darubini, kitabu kiko ndani ya mkoba, na ndege mwenyewe ameanza kujinyoosha bawa.

Kwa dakika hizo chache kuna njia tatu za kuanzia. Ya kwanza ni kusoma manyoya: rangi, mabaka, mistari, unyoya upi ni mpya na upi umechakaa. Ya pili ni kuangalia umbo: ukubwa, mdomo, shingo, miguu, namna ncha za mabawa zinavyopita mkia. Ya tatu ni kupiga picha nyingi upesi, kisha kwenda kuzichambua kivulini. Wengi wetu tunaofuatilia ndege wa pwani tunazitumia zote tatu, lakini kila mtu ana ile anayoikimbilia kwanza, na hiyo ya kwanza ndiyo huamua atakosea wapi. Nitaziweka bega kwa bega ili uone ipi ikufae, kwa ndege yupi na siku ipi.

Ndege tunaowazungumzia

Pwani watu wengi huwaita wote shakwe, wengine membe. Hapa natumia majina ya kueleza sura ili tusipishane.

Shakwe-masizi (Ichthyaetus hemprichii) ndiye aliyezoeleka zaidi kwenye fukwe zetu. Huzaa Bahari ya Shamu, Ghuba ya Aden, Oman na visiwa vidogo vya Kiunga kule kaskazini mwa Lamu. Ukikaa Maskati humkosi. Shakwe kichwa-kijivu (Chroicocephalus cirrocephalus) ni wa maziwa: Victoria, Turkana na maziwa ya Bonde la Ufa, ingawa hushuka pwani pia. Visiwa vya Musambwa upande wa Uganda vina kundi kubwa sana la shakwe hawa wanaotaga. Shakwe kichwa-cheusi (Chroicocephalus ridibundus) ni mgeni wa kutoka Ulaya na Asia anayekuja msimu wa kaskazi.

Kisha wako wakubwa, na hapo ndipo pagumu. Shakwe mgongo-mweusi (Larus fuscus) hutufikia kwa sura mbili kuu. Mmoja anazaa Finland na nchi za jirani, naye nitamwita wa Baltiki. Mwingine anazaa tundra ya kaskazini mwa Urusi, naye nitamwita wa Heuglin. Mara chache huja shakwe wa Pallas (Ichthyaetus ichthyaetus), jitu la Asia ya Kati. Mara chache zaidi Kenya huona shakwe macho-meupe (Ichthyaetus leucophthalmus), ambaye makao yake ni Bahari ya Shamu.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale: umbali na mwanga inaouhitaji, umri wa ndege, msimu, vifaa, mahali inapopotosha, na mtu inayemfaa. Sitayapa uzito sawa, kwa sababu shambani hayana uzito sawa. Kwa shakwe, umri na msimu huzidi mengine yote.

NJIA YA KWANZA: MANYOYA

Umri na msimu

Mwenye kuanza na manyoya lazima akubali jambo moja: unyoya una umri wake, na umri wa unyoya si umri wa ndege. Shakwe wadogo kama kichwa-kijivu na kichwa-cheusi hufikia sura ya utu uzima wakiwa na miaka miwili hivi. Wa kati kama shakwe-masizi huchukua mitatu. Wakubwa kama mgongo-mweusi huchukua minne. Katika muda huo hubadilisha manyoya hatua kwa hatua, kwa hiyo ndege mmoja anaweza kubeba manyoya ya misimu miwili au mitatu kwa wakati mmoja. Ukitazama rangi bila kuuliza kila unyoya umeota lini, unasoma barua tatu kana kwamba ni moja.

Nitakupa mfano nilioutazama kwa karibu. Kwenye ufuko wa Kunduchi, mahali wavuvi wanapoparia samaki, nilikaa mita tano kutoka kwa shakwe wawili wachanga waliokuwa wakigombea utumbo wa samaki. Kwa mbali ungesema ni ndugu. Wa kwanza kichwa na kifua chake vilikuwa rangi moja ya kahawia-kijivu, bila doa wala mstari, mfano wa kitambaa kilichochovywa kwenye chai ya maziwa. Tumbo lilianza jeupe ghafla. Manyoya ya mgongo, kila moja, yalikuwa na kiini cha kahawia na ukingo mpauko, hivyo mgongo mzima ukaonekana kama magamba ya samaki. Mdomo ulikuwa wa kijivu-samawati, ncha nyeusi. Miguu ya kijivu. Alipofungua bawa, upande wa chini ulikuwa na giza. Huyo ni kinda wa shakwe-masizi.

Wa pili alikuwa mkubwa kidogo. Kichwa chake kilikuwa cheupe chenye michirizi myembamba, iliyozidi kuzunguka jicho na kushuka shingoni. Kifua na ubavu vilikuwa na madoadoa, si rangi moja. Manyoya ya bawa yalikuwa na kingo zenye pengo-pengo. Mdomo mweusi karibu wote, miguu ya waridi. Mkia ulikuwa na ukanda mpana mweusi, na juu ya ukanda huo weupe ulioonekana vizuri aliporuka. Huyo ni kinda wa mgongo-mweusi. Ukishawaona hivi wawili pamoja mara moja, swali lao kubwa limekwisha: kifua cha rangi moja, au kifua chenye madoa?

Sasa jambo la kuchakaa. Weusi wa unyoya huimarisha unyoya. Weupe hauna nguvu hiyo. Kwa hiyo kwenye ncha za mabawa vidoa vyeupe huliwa kwanza na jua, chumvi na mchanga, nao weusi hubaki. Shakwe aliyekuwa na lulu nyeupe kwenye ncha za mabawa mwezi Desemba anaweza kufika Aprili bila hata moja. Ukimkuta Aprili ukafungua kitabu kinachoonyesha ndege mpya kabisa, utadhani ni aina nyingine. Vivyo hivyo kingo za magamba nilizozieleza kwa kinda wa shakwe-masizi: baada ya miezi kadhaa zinafifia, mgongo unabaki wa kahawia mtupu uliopauka.

Msimu unasaidia zaidi pale unapojua mpango wa kubadilisha manyoya ya kurukia. Kila bawa lina manyoya kumi makubwa ya nje, na shakwe hubadilisha kuanzia la ndani kwenda la nje, moja baada ya jingine. Hesabu mapya, hesabu ya zamani, tazama pengo liko wapi. Hii ndiyo njia bora niijuayo ya kuanza kuwatenganisha wa Baltiki na wa Heuglin waliokomaa. Wa Baltiki huahirisha sehemu kubwa ya kazi hiyo mpaka afike Afrika, kwa hiyo mwanzoni mwa kaskazi bado amevaa manyoya makuukuu ya nje yaliyogeuka kahawia. Wa Heuglin huanza akiwa bado kaskazini, na huendelea akiwa huku mpaka katikati ya msimu. Kisha ongeza rangi ya mgongo: wa Baltiki ni mweusi tititi, karibu usione tofauti kati ya mgongo na ncha za mabawa. Wa Heuglin ni kijivu cha giza, na ncha nyeusi za mabawa zinajitenga wazi. Msimu wa kaskazi wa Heuglin huwa na michirizi nyuma ya shingo. Wa Baltiki kichwa chake hubaki cheupe karibu chote.

Umbali, mwanga na vifaa

Manyoya yanataka ukaribu. Kwa darubini ya kawaida ya mkononi, ile ya 8x42 au 10x42, shakwe akiwa mbali zaidi ya mita hamsini huanza kupoteza maelezo. Darubini ya kusimamisha kwa miguu mitatu inakuongezea mara mbili au tatu ya umbali huo, lakini saa nne asubuhi mchanga ukishaanza kutoa mvuke wa joto, hata hiyo inakuonyesha ndege anayetetemeka.

Mwanga ni adui mkubwa kuliko umbali. Jua la utosini hufanya kijivu kionekane cheupe, na mgongo wa Heuglin unaweza kupauka mbele ya macho yako kwa sababu tu ndege amegeuka. Usipime rangi ya mgongo kwa ndege mmoja. Mpime dhidi ya jirani yake aliyesimama kwa mkao uleule, au subiri wingu lipite.

Inapopotosha

Inapotosha pale unapoifanya rangi moja kuwa hukumu. Kofia ni mfano mzuri. Shakwe kichwa-cheusi ana kofia ya kahawia iliyoiva, lakini huivaa anapokaribia kuondoka, Februari na Machi. Desemba kichwa chake ni cheupe na doa moja jeusi nyuma ya jicho. Kichwa-kijivu naye nje ya msimu wa kuzaa kofia yake hufifia ikabaki kivuli. Mwenye kungoja kofia atawapita wote wawili.

Inamfaa nani

Mtu mwenye subira, anayerudi ufuko uleule wiki baada ya wiki. Anayeishi Msasani, Nyali, Maruhubi au kando ya Ziwa Victoria ana nafasi ambayo mtalii wa siku tatu hana: anaweza kumwona ndege yuleyule, au kundi lilelile, likibadilika kutoka Novemba hadi Machi. Haimfai mtu mwenye nusu saa.

NJIA YA PILI: UMBO

Umri na msimu

Hapa umbo linashinda. Mdomo wa shakwe-masizi ni mrefu, mnene, na unainama kuelekea ncha, iwe ni kinda au mzee, Julai au Januari. Siku moja pale Malindi nilikuwa nimejikunyata nikihesabu manyoya ya bawa, mzee mmoja mvuvi akasimama nyuma yangu na nyavu begani.

“Mwanangu, wamtafutia nini bawani?”

“Namtafuta jina, mzee.”

“Mtazame mdomo. Huyu mdomo umemzidi kichwa. Wale wa kaskazi vichwa vimezidi midomo.”

Nimeyajaribu maneno yake miaka yote tangu hapo, na kwa shakwe-masizi dhidi ya mgongo-mweusi yananisaidia kila mara. Yanafanya kazi hata ndege akiwa kivuli cheusi mbele ya jua linalozama.

Umbo ndilo pia linalomtenga shakwe-masizi na macho-meupe, ambao ni watoto wa bahari moja. Macho-meupe mdomo wake ni mwembamba zaidi. Kwa aliyekomaa ni mwekundu wa giza wenye ncha nyeusi, kwa kinda ni mweusi unaong’aa wote, wakati ule wa shakwe-masizi ni wa manjano-kijani, una ukanda mweusi na ncha nyekundu. Macho-meupe ana nyusi nyeupe nzito juu na chini ya jicho. Shakwe-masizi ana ya juu zaidi, tena hafifu. Nakiri kwamba hapa nimerudi kwenye rangi, lakini ndivyo ilivyo: umbo humfungua ndege, rangi humthibitisha.

Kwa kichwa-kijivu na kichwa-cheusi wachanga, ambao manyoya yao yanafanana sana, anza na kimo. Kichwa-kijivu ni mkubwa kidogo, shingo ndefu, paji la uso limeteremka kuelekea mdomo mrefu. Kichwa-cheusi ana kichwa cha mviringo na mdomo mfupi. Wakisimama pamoja pale Dunga, Kisumu, au kwenye mwalo wa Mwanza, tofauti inaonekana kabla hujainua darubini. Kisha wakiruka tafuta bawa: kichwa-cheusi ana kabari nyeupe mbele ya bawa inayokwenda hadi karibu na ncha, na kichwa-kijivu ana weusi mwingi zaidi nje, na upande wa chini wa bawa ni wa kijivu cha moshi. Ukiona jicho lenye rangi ya maziwa, ni kichwa-kijivu aliyekomaa. Jicho jeusi halithibitishi lolote, kwa maana makinda wa kichwa-kijivu nao wana jicho jeusi.

Na Pallas? Ukubwa wake unatosha. Akisimama kati ya mgongo-mweusi huwazidi wote, na paji lake limeteremka ndefu kama la mbwa mwitu. Sijawahi kumwona mtu akihitaji kuhesabu manyoya ya Pallas aliyekomaa.

Umbali, mwanga na vifaa

Umbo linavumilia umbali, ukungu na mwanga mbaya. Darubini ya mkononi inatosha, na kwa macho yaliyozoea hata hiyo si lazima. Kwa kijana anayeanza bila fedha, hii ndiyo njia isiyomdai kitu.

Inapopotosha

Umbo hupotosha ndege akiwa peke yake. Bila jirani wa kupimia, shakwe mdogo aliye karibu hugeuka mkubwa, na mkubwa aliye mbali hugeuka mdogo. Dume na jike nao hawalingani: madume ya mgongo-mweusi yana kichwa kikubwa na mdomo mzito, majike yana kichwa laini na mdomo mwembamba. Jike wa Heuglin aliyejikunyata anaweza kukaribia sana dume wa Baltiki. Watu husema wa Baltiki ni mwembamba mwenye mabawa marefu, nayo ni kweli kwa wastani, lakini wastani hausimami kwenye mchanga. Anayesimama ni ndege mmoja. Mkao pia: upepo mkali humfanya ndege ajibane na kuonekana mwembamba, na mwenye shibe aliyevimbisha manyoya huonekana bonge.

Inamfaa nani

Anayeanza, anayeongoza wageni, anayehesabu makundi makubwa kwa ajili ya takwimu za ndege wa maji, na yeyote anayetazama kutoka kwenye mashua inayoyumba. Haimtoshi anayetaka kutofautisha wa Baltiki na wa Heuglin na kuandika jina hilo kwenye kumbukumbu.

NJIA YA TATU: PICHA

Hii nitaipitia upesi, kwa sababu picha peke yake haina ujuzi. Inakuhifadhia tu kile ambacho njia mbili za kwanza zitakisoma baadaye.

Umri na msimu. Picha ya bawa lililofunguka ndiyo zawadi kubwa kuliko zote. Shakwe akijinyoosha hukupa sekunde mbili, na jicho halihesabu manyoya kumi kwa sekunde mbili. Kamera ikipiga picha mfululizo, utakuwa na bawa la juu, la chini na mkia, na utahesabu mapya na ya zamani ukiwa umekaa na chai. Tarehe hujiandika yenyewe, na kwa shakwe tarehe ni nusu ya jibu.

Umbali, mwanga na vifaa. Hapa ndipo gharama. Lenzi ndefu ni ghali na nzito, na chumvi ya pwani haiihurumii. Njia nafuu ni kuegesha simu kwenye kioo cha darubini ya kusimamisha. Kwa ndege aliyesimama inatosha kabisa, kwa anayeruka haisaidii. Ndege mweupe mbele ya maji au mchanga wa giza hudanganya kamera, kwa hiyo punguza mwanga kidogo kuliko inavyopendekeza yenyewe, la sivyo kichwa chote cha ndege kitaungua kuwa doa jeupe na michirizi ya shingo itapotea.

Inapopotosha. Picha inaua ukubwa. Pia inabadilisha kijivu: mgongo mmoja unaweza kutoka mweusi kwenye picha ya saa kumi na mbili na wa majivu kwenye picha ya saa sita. Usimpe mtu jina la ndege kwa rangi ya mgongo kwenye picha moja. Kosa ninalolisikitikia zaidi ni la wenzetu wanaopiga picha mia tatu bila kumtazama ndege. Wanarudi nyumbani na bawa safi kabisa, lakini hawajui alitembeaje, alisimama na nani, wala kama mdomo wake ulionekana mzito machoni.

Inamfaa nani. Anayetaka kuwaonyesha wengine, anayeweka kumbukumbu kwa ajili ya ramani za ndege, na anayekutana na ndege adimu. Ukiona macho-meupe Watamu au Unguja, neno lako peke yake halitatosha na wala hupaswi kutaka litoshe.

KWA HALI YAKO

Una nusu saa, kundi liko mbali, jua linazama. Anza na umbo. Watenge kwa ukubwa: wadogo, wa kati, wakubwa. Kisha tazama mdomo. Utamtoa shakwe-masizi mara moja, na waliobaki waandike kwa jumla.

Uko ziwani, si baharini. Wa kwanza kumfikiria ni kichwa-kijivu, na kazi yako ni kumtafuta kichwa-cheusi kati yao msimu wa kaskazi. Umbo kwanza, halafu kabari nyeupe ya bawa. Ukiona mkubwa mwenye mgongo mweusi tititi kwenye Ziwa Victoria, mfikirie sana wa Baltiki: ndege wa Finland waliofungwa pete na vifaa vya satelaiti wamefuatiliwa mpaka ziwa hilo.

Uko pwani na mgongo-mweusi aliyekomaa, karibu, mwanga mzuri. Hapa manyoya. Weka utaratibu huu: hesabu manyoya ya bawa, linganisha mgongo na ncha za mabawa, tazama michirizi ya shingo, kisha miguu, inayopaswa kuwa ya manjano. Piga picha bawa linapofunguka, lakini usihukumu rangi kwa picha hiyo.

Uko na kinda mkubwa wa kahawia. Jiulize kwanza kifua ni cha rangi moja au cha madoa. Ukishapata kwamba ni mgongo-mweusi, pumzika. Kumtenga kinda wa Baltiki na wa Heuglin ni kazi ngumu hata kwa waliozeeka kwenye shughuli hii, tena baadhi ya makinda wa Baltiki hubadilisha manyoya ya bawa wakiwa huku katika mwaka wao wa kwanza, jambo linalovuruga hesabu ya anayefuata kitabu. Kuandika “mgongo-mweusi, kinda” ni kumbukumbu kamili. Kuandika jina usilolithibitisha ni kuharibu kumbukumbu za wengine.

Unaanza, na huna kifaa chochote. Nenda mahali samaki wanapoparuliwa: Feri ya Dar es Salaam, Kunduchi, mwalo wowote wa ziwa, ufuko wowote wanaposhushia. Hapo shakwe wanakuja wenyewe mpaka mita chache. Chagua aina moja tu, shakwe-masizi kama uko pwani, kichwa-kijivu kama uko ziwani, na umsome kwa msimu mzima katika kila umri. Chora hata kama hujui kuchora. Ukishamjua huyo mmoja akiwa kinda, akiwa katikati na akiwa amekomaa, mgeni atakayetua kati yao utamgundua kabla hujajua kwa nini.

Uko na kamera nzuri na siku moja tu. Tumia dakika tano za mwanzo bila kuiinua. Tazama nani ni mkubwa, nani amesimama na nani. Kisha piga, na hakikisha kila ndege unayemshuku anapata angalau picha moja akiwa na jirani anayejulikana.

Na ukiona pete mguuni, acha yote haya mpaka baadaye. Andika kwanza rangi ya pete, rangi ya herufi, herufi zenyewe kwa mpangilio wake, na kama ni mguu wa kulia au wa kushoto. Piga picha ya mguu kabla ya kupiga ya uso. Manyoya yake utayasoma akishatulia.